Nakala Yangu, Ufunguo Wake

Juma lililopita niliwaacha pale ujumbe wa Anouar uliponikuta kwenye foleni ya mkate. Mistari mitatu tu, uchumba ukawa umevunjika. Sikulia palepale. Nilinunua mkate wangu, nikarudi chumbani kwangu Sidi Bernoussi, nikaukata, nikaweka vipande viwili mezani kana kwamba kuna mtu anakuja.

Kwa asiyenijua bado, naitwa Oumnia. Mimi na Anouar tulisoma chuo kimoja, tukachumbiana, na pamoja tukaanzisha huduma ya wapambaji wa maharusi hapa Casablanca. Mpambaji anafungua simu yake, anaona kaftani gani iko wapi, bibi harusi yupi ataivaa siku gani, vipimo vyake, mkanda wake, taji lake. Kabla ya hapo walikuwa wanapigiana kelele kwenye simu, na kila msimu kaftani moja iliahidiwa maharusi wawili.

Habari zote hizo zilikaa kwenye hifadhidata ya kukodi, huko wanakokuita kwenye wingu. Ni kama kupanga chumba katika ghala la mtu. Wenye ghala wako nje ya nchi. Wanalinda, wanafagia, paa likivuja wanaziba. Wewe unalipa tu. Aliyekuwa analipa ni Anouar, kwa sababu wakati huo kadi yake ndiyo iliyoruhusiwa na benki kununua vitu vya nje. Kwa hiyo akaunti ilikuwa kwa jina lake.

Sikuona tatizo. Tulikuwa tunaoana.

Alipouvunja uchumba hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

"Huduma ni yako, Oumnia," aliniambia siku ya pili kwa simu. "Mimi nimechoka nayo. Nitakufungulia mlango, chukua nakala yote, iweke kwenye akaunti yako. Ramadhani ikiandama nafunga ya kwangu."

Nikachukua nakala. Mashine ilifanya kazi asubuhi nzima, ikaniandikia: imekamilika. Nikafunga kompyuta nikijiambia, basi, wapambaji wangu wako salama.

Kuna jambo moja sikulisema wakati ule, nalisema leo. Hifadhidata kama ile hufungwa kwa ufunguo. Si ufunguo wa chuma, ni maandishi marefu ambayo hakuna anayeyaona, lakini bila hayo kilichomo ndani hakisomeki. Wakati wa kunakili, mashine iliniuliza: utumie ufunguo uleule wa zamani, au utengeneze wako?

Nikachagua uleule.

Si kwamba sikujua. Nilifundishwa darasani, na mtihani nilifaulu. Lakini asubuhi ile, kutengeneza ufunguo wangu peke yangu kulikuwa kama kubadilisha kitasa cha mlango wakati viatu vya mwenzako bado viko ndani.

Kwa hiyo nakala ilikuwa yangu. Ufunguo ulibaki wake.

Ramadhani ikaingia. Ramadhani hakuna harusi, wapambaji wanapumzika, na mimi sikuwa na moyo wa kuifungua huduma ile. Nilikuwa nanunua supu ya harira kwenye duka la maziwa, wananitilia kwenye mfuko wa plastiki, narudi nayo mkononi ikinichoma. King'ora cha kufuturu kikilia, ukutani kwa jirani vijiko vinaanza kugonga bakuli, halafu televisheni, halafu nyumba nzima inacheka. Nami nilikuwa nacheka kidogo wanapocheka wao, bila kujua kilichochekesha.

Mama yangu yuko Errachidia kwa kaka. Nilimwambia kazi ni nyingi, nitakuja Idi. Sikumwambia kuhusu Anouar. Ningemwambiaje, naye alishatangaza mtaa mzima?

Jioni moja Anouar akapiga simu.

"Oumnia, kesho naenda umra."

"Mungu akubali."

"Nimekupigia kukuomba radhi. Kama nilikuumiza, kwa neno au kwa tendo, nisamehe."

Nyinyi mnajua simu za namna hii. Mtu anayekwenda kule anawapigia wote, mmoja mmoja, mpaka aliyegombana naye shuleni. Naye anayepigiwa ana jibu moja tu. Haulizi habari za kazi. Hasemi, ngoja kwanza, na ule ufunguo je? Swali lilikuwa kwenye ulimi wangu, nililionja kabisa. Nikalimeza.

"Nimekusamehe," nikasema. "Duniani na akhera."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Mungu akupe amani. Nimemalizana na watu wote, nimefunga kila kitu. Nataka kwenda nikiwa mwepesi."

Nimefunga kila kitu. Nilisikia maneno hayo, lakini nilikuwa nasikiliza sauti yake.

Zikabaki siku chache tu Ramadhani iishe. Simu ya Hajja Mbarka ikalia mchana. Huyu ndiye mpambaji wangu wa kwanza, mwanamke mnene wa Hay Mohammadi ambaye hajui kuongea polepole.

"Binti! Simu yangu inaniambia hakuna kitu!"

"Hakuna kitu vipi, Hajja?"

"Hakuna kitu, hakuna kitu! Kaftani ya kijani ya binti wa Bwana Lahbib iko wapi? Mama yake amekaa hapa mbele yangu, amefunga, ana hasira, anataka binti apimwe kabla ya Idi. Mimi nimevalisha maharusi tangu mama yako hajaolewa na sijawahi kupoteza hata mmoja. Leo nimewapoteza wote, kwa mpigo!"

"Tulia, Hajja. Ninayo nakala."

"Nakala ni nini? Inavaliwa?"

"Nipe saa moja."

"Nakupa. Lakini huyu mama sijui kama atakupa."

Nikafungua kompyuta. Huduma ya zamani haikuwepo, Anouar alikuwa ameifunga kweli. Sikushtuka. Nikaenda kwenye nakala yangu, nikaiambia iamke.

Ikanijibu: ufunguo haupatikani. Umepangwa kuharibiwa.

Nikasoma tena. Wenye ghala wana huruma kidogo. Hawauharibu ufunguo siku hiyohiyo, wanangoja siku chache, huenda mwenyewe akajuta. Lakini siku hizo zilikuwa zinaisha alfajiri inayofuata. Baada ya hapo nakala ingebaki kwangu kama sanduku la chuma lisilo na tundu la ufunguo. Kila bibi harusi wa baada ya Idi alikuwa ndani ya sanduku hilo, na mimi ndiye niliyewaambia wapambaji wachome madaftari yao ya zamani.

Nikawaandikia wenye ghala. Wakanijibu kwa adabu sana: anayeweza kuuzuia ni mwenye ufunguo peke yake.

Nikampigia mwenye ufunguo. Simu imezimwa. Alikuwa Makka, amezitenga siku kumi za mwisho kwa ibada, hataki kusikia habari za dunia.

Na dunia ni mimi.

Mtu mmoja tu angeweza kumfikia, mama yake, Lalla Zhor wa Derb Sultan. Nilikaa kitandani kwa muda, kompyuta mapajani, nikitafuta ujasiri wa kwenda kwa mwanamke ambaye mwanawe ameniacha. Sikuupata. Nikaenda bila huo ujasiri.

Nilipogonga mlango jua lilikuwa linakaribia kuzama, usiku wa ishirini na saba unaingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho baridi.

"Mkwe wangu!"

Lalla Zhor alinivuta ndani kwa mikono miwili, akanibusu shavu hili, na lile, na kurudia lile.

"Umekuja mwenyewe! Nami nilikuwa nakuja kwako kesho! Tazama, tazama, hata sijafunga kitambaa!"

Kwenye kochi la sebuleni palikuwa na sinia kubwa. Kaftani ya rangi ya zabibu, viatu vya ngozi vilivyotariziwa, mnara wa sukari, tende, manukato. Zawadi za ishirini na saba. Zawadi anazopelekewa mchumba.

Anouar hakumwambia. Alikuwa ameomba radhi kwa mji mzima, na mama yake hakumwambia.

"Mbona umesimama? Kaa. Umekonda. Anouar akirudi akikuona hivi atasema mama amekunyima chakula."

"Lalla, nimekuja kwa sababu ya..."

King'ora kikalia. Akanitia tende mkononi, akanisukumia maziwa. Harira yake ilikuwa na ndimu nyingi, kama ya nyumbani. Vitamutamu vya shebakia vilikuwa vimepangwa sahani nzima, asali inadondoka, na meza yote ile ilikuwa ya mtu mmoja.

"Nimepika kama tuko kumi," akasema, kana kwamba amenisikia nikihesabu viti. "Mkono umezoea. Binti zangu wote wawili wako kwa waume zao, huyu kijana yuko kwa Mola wake. Tangu mwezi uandame, wewe ni mtu wa kwanza kukaa hapo."

Nilikula mabakuli mawili. Si kwa njaa. Kulikuwa na mtu mbele yangu anayenitazama nikila, na nilikuwa nimesahau kwamba hilo ni jambo zuri kiasi kile.

Halafu nikamkumbuka mama wa bibi harusi wa kaftani ya kijani.

"Lalla, lazima nizungumze na Anouar. Ni kazi. Isipokuwa usiku huu, kesho hakuna tena."

"Simu yake imezimwa."

"Najua."

Alinitazama, akafuta mikono, akachukua simu yake. Alikuwa na namba ya kiongozi wa msafara, Bwana Lmokhtar.

"Bwana Lmokhtar, niletee mwanangu... Najua yuko msikitini, nilimtuma sokoni?... Najua ni ibada. Mwambie mama yake anamwita. Hiyo nayo ni ibada... Nangoja. Mimi nina chai, sina haraka."

Tulingoja. Akanimiminia chai mara mbili. Kisha sauti ikasikika mbali, naye akanipa simu kwa tabasamu la kunipa zawadi. Nikaenda nayo jikoni, nikarudisha mlango.

"Mama? Kuna nini?"

"Ni mimi."

Nyuma yake nilisikia watu wengi, wengi sana.

"Oumnia. Uko kwa mama?"

"Ufunguo, Anouar. Uzuie usiharibiwe."

"Ufunguo gani?"

"Wa hifadhidata. Umeupanga uharibiwe. Alfajiri."

"Nilifunga akaunti. Mashine ikaniuliza maswali mengi, nikajibu ndiyo kwa yote. Si ulichukua nakala yako?"

"Imefungwa kwa ufunguo wako."

"Hukutengeneza wa kwako?"

"Sikutengeneza."

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyekuwa unanifundisha mimi mambo haya!"

Nikageukia jiko; sufuria ya harira ilikuwa bado imejaa.

"Sawa," akasema taratibu. "Naweza kuuzuia hata kwa simu hii. Nusu saa tu, kisha naikabidhi simu ya watu. Utatoa nakala nyingine kwa ufunguo wako mwenyewe, na hiyo haitanihitaji tena. Lakini... mama amekwambia nini?"

"Ananiita mkwe."

Akashusha sauti.

"Moyo wake si mzima, Oumnia. Nikirudi nitamwambia mwenyewe, kwa njia nzuri. Usimwambie leo. Mwache afurahi na usiku wake."

"Hilo ni sharti?"

"Ni ombi."

"Na nikimwambia?"

"Simu bado iko mkononi mwangu," akasema.

"Anouar, umekwenda huko kutafuta msamaha."

"Na wewe ulinipa."

Ningeweza kusema mengi. Mengi hayo niliyasema baadaye, kitandani, peke yangu, na yalikuwa maneno mazuri. Pale jikoni nilisema, "Uzuie," nikakata simu.

Nikarudi sebuleni, nikaitoa kompyuta niliyokuja nayo, nikaifungua mezani, katikati ya sahani. Muda si muda ule mstari mwekundu ukatoweka. Ufunguo ulikuwa hai. Nikaiambia mashine itengeneze nakala mpya, na ilipouliza juu ya ufunguo nikachagua jibu ambalo ningelichagua tangu mwanzo. Wangu. Namba zikaanza kupanda, polepole.

"Inafanya nini hiyo?" Lalla Zhor akauliza.

"Inanakili, Lalla. Maharusi wa Hajja Mbarka."

"Basi iache inakili, nipe mkono."

Alikuwa ameshika bakuli la hina.

"Lalla, kazi yangu..."

"Kazi inafanywa na mashine, wewe umekaa tu. Usiku wa ishirini na saba mkwe wangu hakai na mikono mitupu. Watasema nini majirani? Lete."

Mimi ni mtu ambaye muuza sokoni akinitilia nyanya zilizooza namshukuru. Nikampa mkono wa kushoto. Akanichora maua kwenye kiganja, pumzi yake inanukia mdalasini, akiimba kwa ndani. Hina ilikuwa baridi. Hakuna aliyenishika mkono tangu Shaabani.

"Na wa pili."

"Wa pili uache, tafadhali."

"Bibi harusi wa mkono mmoja nimemwona wapi mimi?"

Akauchukua mwenyewe.

Alipomaliza, aliitazama mikono yangu kama mtu anayetazama watoto waliolala. Na mashine ikalia mlio mdogo. Nakala mpya ilikuwa tayari, na katikati ya skrini palikuwa na swali la mwisho: nakala hii itajitegemea, ikishatengana na akaunti ya zamani haitaunganishwa tena. Uendelee?

Kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Nami nilikuwa na vidole kumi, vyote vimelowa hina.

Nikatafuta kitambaa. Mezani hapakuwa na kitu ila sahani. Na kabla sijafungua mdomo, simu yangu, iliyokuwa imelala karibu na shebakia, ikawaka.

Lalla Zhor akainamia. Akavaa miwani yake bila haraka, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anavyosoma risiti za duka.

"'Umemaliza? Muda unaisha. Na hujamwambia?'"

Akanyanyua uso.

"Namba ni ya kiongozi wa msafara. Ni Anouar huyu. Nani hajaambiwa?"

"Lalla, nakuomba. Kwanza nibonyezee kile kitufe. Kile kikubwa. Muda unaisha."

Akasogea mpaka kwenye kompyuta, akanyoosha kidole chake kilichokunjika kwa miaka ya kukanda unga.

"Hiki?"

"Hicho."

Kidole kikasimama juu ya kitufe. Hakikushuka.

"Nimezaa watatu na nimezika mume, Oumnia. Ulipokuwa jikoni nilikuwa mlangoni. Mimi ni mzee, si kiziwi." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nitabonyeza unachotaka. Lakini nijibu kwanza, nijibu wewe, si yule aliyejificha Makka. Mwanangu bado anakuoa? Au nimempaka hina binti wa watu?"

Simu ikawaka tena. Hakuna aliyeitazama.

Mikono yangu ilikuwa juu hewani, mbele ya uso wangu, kama ya mtu aliyekamatwa. Nikisema ndiyo, atabonyeza palepale, na wapambaji wangu wote watalala salama usiku huo. Nikisema hapana, sijui kidole kile kitakwenda wapi, wala moyo ule utakwenda wapi.

Kuanzia kesho nani atakaa kwenye kiti hiki, nikawaza, na nani atamlia huyu mama sufuria yake?

"Lalla Zhor," nikaanza. Nilichomjibu nitawasimulia juma lijalo.